Divai inaharibikia kwenye tiyo

Bamama na bapapa, vijana, asante ya kukuja, naona hata mvua haikuwazuia, lakini sisi batu ya Bukavu tukingoja mvua iishe hatutafanya kitu. Mimi si profeseri, niseme mapema. Mimi ni mutu wa Kadutu, natengeneza divai ya nanasi kwangu nyumbani, nanasi za kisiwa cha Idjwi zile tamu, na leo baliniomba niongee juu ya kuosha vyombo. Najua kuna benye balikuja kusikia habari ya sukari na levire, ile hamira ya kuchachusha. Mupole kidogo, hiyo ni siku ingine, juu ukikosa kwenye kuosha, sukari yote umenunua itakupatia vinegre, ile siki.

Haya, shikeni hii kitu, pitisheni kwa mikono. Ni kipande cha tiyo, ile ya plastiki tunavuta nayo divai kutoka kwenye ndoo mupaka kwenye bidoni, ile dumu. Nilikuwa naiosha kila mara, maji ya moto na sabuni, naipuliza, naitundika kwa musumari nyuma ya mulango, kutoka inje ukiiangalia inangaa. Kisha lita 20 zangu zikageuka vinegre. Nikanunua levire mupya, lita 20 zingine, vile vile, bibi yangu akaanza kusema kuna jirani ananiloga. Njo siku moja nikachukua wembe nikapasua tiyo kwa urefu. Mama, pitisha kidole ndani, usiogope. Unasikia vile inateleza? Ule njo mulozi wangu.

Ule ute ni nyumba ya vijidudu. Vinakaa ndani mamilioni, vinajifunika, maji yanapita juu yao kama mvua juu ya mabati. Kati yao kuna bakteria moja inaitwa Acetobacter, hiyo inachukua pombe na hewa inatengeneza asidi ya vinegre, njo maana divai yenye imeachwa wazi inakuwa chachu. Na vile vinzi vidogo vinazunguka nanasi ikishaiva sana, vinaibeba kwa miguu, kinzi kimoja ndani ya ndoo kinatosha kukuharibia. Si mambo ya leo hayo. Mwaka 1863 Napoleon III, mukubwa wa Ufaransa, alimuomba Louis Pasteur atafute juu ya nini divai ya kwao inaharibika, na Pasteur akaonyesha ni vijidudu. Kumbe hata bakubwa divai ilikuwa inabageukia.

Sasa musikie vizuri. Kuosha ni kazi moja, kuua vijidudu ni kazi ingine, na haziendi pamoja. Kuna mutu anamwanga javeli, ile dawa ya kungarisha nguo nyeupe, ndani ya ndoo yenye bado iko na maganda ya nanasi imekaukia kwenye pembe, anasema imetakata. Hapana! Javeli inaishia kupigana na ule uchafu, vijidudu vyenyewe viko chini vinalala. Kwanza maji ya uvuguvugu, sabuni, kitambaa laini. Si ile eponji ya chuma ya kusugulia sufuria, juu inakwaruza plastiki, na ndani ya mukwaruzo hakuna brosi inaingia. Ndoo ya plastiki yenye imekwaruzika sana, wekea nayo makala, divai usiitie tena.

Ikishakuwa safi kwa macho, njo unaua. Maji ya kuchemka ni dawa nzuri na makala tu njo unalipa. Hapa kwetu tuko karibu metre 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye digri 95 hivi, hayafiki 100, lakini kwa levire za porini na ile bakteria inatosha kabisa. Ila chupa ya kioo ukiitia maji ya moto ikiwa baridi itapasuka, ianzishe na ya uvuguvugu. Na chupa ya plastiki ya sukali, ile soda, hiyo itajikunja kama karatasi kwenye moto.

Javeli nayo, ukiwa huna kingine, kijiko kidogo kimoja kwa lita ya maji, dakika kumi, kisha suuza mara tatu na maji yenye ulichemsha, si yale ya bomba. Ikibaki, klori yenye iko ndani ya javeli inaweza kukutana na kuvu, inatoa harufu ya karatoni yenye imenyeshewa, na hiyo harufu haitoki. Na tafazali, usichanganye javeli na ndimu wala vinegre, inatoa gazi ya sumu, utakohoa mupaka utoke inje unakimbia.

Mimi siku hizi natumia metabisulfiti, unga mweupe wa kuua vijidudu, gramu 10 kwa lita ya maji. Hiyo yenyewe inapenda ndimu, ukiweka kidogo inafanya kazi zaidi. Ndimu ile ile, huku rafiki, kule sumu! Lakini mwenye asma asikae karibu, harufu yake inashika kifua.

Ndiyo papa, naona mukono. Anauliza: bakoko yetu balikamulia kasiksi, ile pombe ya ndizi, ndani ya mutumbwi wa muti, hakuna javeli, hakuna metabisulfiti, na ilikuwa tamu. Kweli kabisa, hata mimi naipenda. Lakini kasiksi inakunywewa ndani ya siku mbili tatu, inaisha mbele haijapata saa ya kuharibika. Divai yangu inalala miezi sita kwenye bidoni. Kwa miezi sita bakteria inazaa, inaoa, inajenga.

Haya, kabla hatujatoka, kijana, niletee ile ndoo yenye robine, ile bomba ya kufungulia. Mwenyewe ameniambia ameiosha jana jioni. Zungusha hiyo nati ya ndani... polepole... toa ule mpira wa duara. Eh. Mama, nusa wewe mbele, kisha umupatie papa.