Uzi Katikati ya Uso

Ndugu zangu, naomba tuanze na uzi. Fundi wa kuchukua sura ya marehemu kwa plasta, yaani jasi iliyokorogwa na maji, ili atoe sanamu ya uso wake, huulaza usoni, kuanzia kwenye paji, juu ya pua, hadi kidevuni. Nyusi, kope na ndevu ameshazipaka mafuta, maana plasta ikishika unywele, kuibandua ni kuung'oa. Kisha humwaga plasta nyepesi kama uji, iingie katika kila kunjo, na juu yake huweka nzito ya kuipa nguvu. Inapoanza kukaza, huuvuta ule uzi nao huikata kalibu, yaani lile ganda la plasta, vipande viwili. Akiwahi, mkato unajifunga tena. Akichelewa, uzi umenasa.

Tena plasta ikiganda hutoa joto. Uso uliokwishapoa hupata joto kwa dakika chache chini ya viganja vya fundi. Mimi jambo hili hunigusa kuliko sanamu yenyewe.

Warumi wa kale walitumia nta. Sura za wazee wao zilikaa katika makabati sebuleni, na siku ya mazishi watu walizivaa, wahenga wakaonekana wakimsindikiza mwenzao.

Lakini tusidhani kwamba sura hizi hazidanganyi. Beethoven, mtunzi mashuhuri wa muziki, alifariki Vienna tarehe 26 Machi 1827. Josef Danhauser, mchoraji kijana, alichukua sura yake siku mbili baadaye, madaktari wakiwa wameshaupasua mwili na kuondoa mifupa ya sehemu za masikio. Uso umebonyea. Wengi wakiutazama husema wanaona mateso ya msanii, kumbe sehemu ya wanachokiona ni kazi ya msumeno. Mwaka 1812, Franz Klein alikuwa amechukua sura yake akiwa hai: midomo imebana, taya imekaza. Anayetaka kumjua Beethoven aanze na hiyo. Ile ya baada ya kifo nisingeitupa hata hivyo, kwani inatuonyesha alivyokuwa pale walipomuaga.

Picha za kamera zilipoenea baada ya 1839, kazi hii ilififia polepole. Kamera hutazama kwa mbali. Plasta haiwezi, lazima mtu amkaribie maiti na kumshika. Na kalibu ikishatoka, fundi bado hajamaliza: hufuta mafuta, huokota chembe nyeupe kwenye kope moja moja, hulaza nyusi kwa kidole, ndipo ndugu wa marehemu huitwa ndani.