Huyo Jamhuri Kaibiwa Nini?

NEEMA: Mwangaluka wasikilizaji, hata wewe uliyeko soko la Mwaloni, Mwanza, unapakua dagaa. Magesa, leo umekuja na hasira za shangazi yako.

MAGESA: Hasira kweli! Kaibiwa mashine ya mtumbwi kule Igombe. Kijana kakamatwa, mashine ikapatikana. Siku ya kesi shangazi kavaa kitenge kipya, karani anaita "Jamhuri dhidi ya" fulani. Jina lake hamna. Akanigeukia: huyo Jamhuri kaibiwa nini?

NEEMA: (anacheka) Ana haki ya kuuliza. Kwenye jinai anayeshtaki ni Jamhuri, yaani nchi yenyewe kupitia Serikali. Anayesimama ni wakili wa Serikali, na juu yake yuko Mkurugenzi wa Mashtaka. Shangazi ni shahidi tu.

MAGESA: Shahidi wa mashine yake mwenyewe! Halafu wakili wa utetezi akamdodosa: "Mama, mashine za rangi hiyo ziko nyingi ziwani, ulijuaje hii ni yako?" Shangazi nusura avue kiatu.

NEEMA: Angetulia. Yule yuko kazini, na swali lenyewe ni la msingi. Hapo unataja namba ya injini, risiti, ile alama uliyochora kwa msumari. Jamhuri ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha pasipo kuacha shaka. Kijana halazimiki kuthibitisha kwamba hakuiba.

MAGESA: Ndiyo maana alikaa kimya?

NEEMA: Zamu yake haijafika. Jamhuri ikifunga ushahidi, hakimu anaangalia kama kijana ana kesi ya kujibu, yaani ushahidi unatosha kumtaka ajitetee. Akiwa nayo ndipo anajitetea, analeta mashahidi wake, au ananyamaza.

MAGESA: Na wazee wa baraza, wale raia wanaokaa na jaji kumpa maoni? Niliwatafuta sikuwaona.

NEEMA: Kwa hakimu wa wilaya hukai ukawaona. Hao wa jaji hukaa Mahakama Kuu, kesi kama za mauaji, na tangu marekebisho ya sheria ya 2022 jaji halazimiki tena kukaa nao. Hata zamani maoni yao hayakumfunga. Walichoruhusiwa ni kuuliza wapate ufafanuzi. Walipoanza kumbana shahidi kama mawakili, Mahakama ya Rufani ilifuta mienendo, yaani usikilizwaji wote, ya kesi kadhaa.

MAGESA: Loh! Sasa ndugu wa kijana wamekuja nyumbani na mbuzi, wanataka yaishe.

NEEMA: Mbuzi awaachie. Hata akitaka, shangazi hawezi kuifuta kesi isiyo yake. Kuiondoa mahakamani ni upande wa mashtaka.

MAGESA: Basi mashine yake atapata lini? Giza la mwezi, msimu wa kuvua dagaa kwa taa, linaingia wiki ijayo, wenzake wote watakuwa ziwani na taa zao.

NEEMA: Mahakama imeshaipokea kama kielelezo, yaani kitu cha ushahidi?

MAGESA: Ndiyo, imebandikwa karatasi.

NEEMA: Amwone wakili wa Serikali kesho asubuhi, amweleze kwamba ndiyo inayompa riziki. Wakili anaweza kuiomba mahakama itoe amri arudishiwe kabla kesi haijaisha. Asiende mwenyewe kumng'ang'ania karani, karani hana amri hiyo.

MAGESA: Ameshaenda. Mara mbili.