Umio wa aliyekatwa tumbo

Asalaam alaykum wazee wangu, mama zangu, nanyi mliovuka feri kutoka Likoni jioni hii. Ahsanteni kwa kuja.

Mzee alipasuliwa saratani ya tumbo, akapona, akarudi barazani kwa wenzake. Siku moja mkate wa mofa unamkwama kifuani. Anausukuma kwa maji. Baadaye anauchovya kwenye mchuzi mpaka ulainike, kisha inakuwa uji tu. Nyumbani wanasema, "Si lile tumbo lililokatwa!" Naye anaridhika. Hapo ndipo tunapowapoteza watu.

Upasuaji huo una shida zake kweli: kushiba upesi, nyongo kupanda, jasho na kizunguzungu baada ya kula. Lakini tonge kukwama lazima kutazamwe, maana huenda ni saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Na saratani changa ya umio mara nyingi haikwamishi wala haiumi. Umio hutanuka, kwa hiyo tonge likianza kukwama, kwa kawaida njia imeshazibwa pakubwa.

Mbona nawakazania mliokatwa tumbo? Mwenye tumbo lake akitolewa umio, daktari kwa kawaida hulivuta tumbo hilo juu kifuani lishike nafasi yake. Aliyetolewa tumbo zima hana cha kuvutwa. Itabidi daktari atumie utumbo, na hiyo ni kazi nzito kwa mwili uliokwisha konda. Lakini saratani ikikutwa ingali kwenye utando wa ndani, huweza kubanduliwa kwa kamera inayopitia mdomoni, kifua kisiguswe.

Basi mkienda kupimwa kwa kamera, mwambieni daktari asikimbilie mshono wa tumbo lililokatwa, atazame na umio njiani. Akinyunyiza ayodini, umio wenye afya hugeuka kahawia kama maji ya ukwaju, na penye hitilafu hubaki pamepauka. Nimeona baka dogo kama ukucha ambalo dakika moja kabla ya dawa nililipita.

Wavutaji sigara na wanywaji pombe, msikose kabisa. Na kahawa yetu ya dele: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilisema vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vikaleta saratani ya umio. Kahawa yenyewe haina kosa, ni ule moto. Iacheni kijikombeni ipoe.

Haya, maswali. Tuanze na mama pale nyuma, mkono wake uko juu tangu nilipotaja uji.