Karibu Chakula: Kula Mbele za Watu, Treni, Haisi na kwa Mama Ntilie

MWAJU: Haya wasikilizaji, habari za saa hizi, karibuni tena. Mimi Mwaju, niko Kigoma hapa Mwanga, na leo mwenzangu kafika mwenyewe, siku zote mnamsikia kwa simu kutoka Tabora, leo yuko hapa hapa kwenye kiti.

SHIJA: Mwangaluka wote. Nimeshuka kwenye treni na mada kabisa dada, maana behewani kulitokea kesi.

MWAJU: Mmeanza.

SHIJA: Sikiliza. Daraja la tatu, tumejaa, treni imesimama Nguruka, si unajua pale kinamama wanavokuja na masinia kichwani mpaka dirishani, samaki, mahindi, mayai ya kuchemsha, unachagua umekaa. Kijana mmoja mbele yangu kanunua samaki mkubwa na ugali wake, kageukia dirishani, kaanza. Hakusema karibu, hakumtazama mtu. Mzee mmoja akamwambia we kijana mbona unakula kama mchawi? Kijana akasema shikamoo mzee, sasa mimi nikisema karibu alafu mkakaribia kweli? Behewa zima kicheko, ila mzee hakucheka, akaanza kumsomesha mpaka karibu na Uvinza.

MWAJU: Jamani huyo mtoto! Ila kasema la moyoni.

SHIJA: Ndo nikawaza, kwani yeye kakosea nini? Chakula chake, hela yake.

MWAJU: Kakosea. Karibu ya safarini sio chakula kaka, ni salamu ile. Unawaambia watu nimewaona, najua mpo, na mimi njaa imenishika. Na wao jibu wanalijua, asante, starehe, au asante ndugu endelea tu, basi imeisha, unakula kwa amani. Mimi sijawahi kuona mtu mzima wa huku kaambiwa karibu na asiyemjua akanyoosha mkono kwenye sahani papo hapo. Karibu ya kwanza haipokelewi. Ikija ya pili, na mtu kakusogezea na sahani, hapo ndo unajua huyu anamaanisha, unamega tonge moja unashukuru.

SHIJA: Na unamega ugali na mchuzi, mnofu unamwachia mwenye samaki. Kuna wengine wakikaribishwa wanaanzia kichwa.

MWAJU: Kichwa cha samaki! Huyo karibu hakuisikia vizuri.

SHIJA: Sasa mi ntakwambia kitu kilichoharibu haya mambo, hii ya watu kuleweshwa kwenye mabasi. Mtu anakukaribisha juisi, biskuti, story nzuri kabisa, anakuuliza na watoto hawajambo, unakuja kuamka stendi begi hamna simu hamna. Mpaka makondakta wanatangaza kabla basi halijatoka, abiria msipokee chakula kwa mtu msiyemjua. Kwa hiyo karibu tumebaki nayo mdomoni ila mkono haunyooki tena, hata ya pili hata ya tano.

MWAJU: Na mimi naona ni sawa tu, nikwambie ukweli. Karibu sema, ila usimlazimishe mtu. Kuna wale wa aa dada chukua bana, mbona unanidharau, huyo ndo mi namwogopa zaidi, anayenibembeleza kula cha kwake ana lake jambo. Mtu akikataa mwache. Labda kafunga, labda ana vidonda vya tumbo, labda anakiogopa choo cha treni.

SHIJA: Hahaha choo cha treni ndo sababu kubwa kuliko zote hizo, mimi mwenyewe natoka Tabora nimeshiba ya siku mbili.

MWAJU: Ila hapo tumeongea watu wazima, ugumu uko kwa watoto. Umefungua kuku wako, mtoto wa jirani kakukodolea macho hapa, hapepesi. Utafanyaje?

SHIJA: Nampa.

MWAJU: Unampa? Humjui mama yake, hujui huyo mtoto anatapika safarini, hujui kama kakatazwa. Na ukimpa mkononi hivohivo unamwaibisha mama, kama vile mtoto wake katoka kuomba. Unamuuliza mama kwanza, tena kwa sauti ya kawaida, shem, huyu anakula kuku? Akikubali kipande kinaenda kwa mama, mama ndo anampa mwanae. Kizunguko kidogo tu ila heshima ya yule mwanamke imebaki pale pale.

SHIJA: Hiyo nimeipenda. Na mama akisema hapana?

MWAJU: Unageuka kidogo unakula haraka haraka kabla roho haijakusuta.

SHIJA: Haya twende kwenye harufu. Wenzetu wengine hii wameimaliza kwa sheria, Singapore kwenye treni zao za mjini huruhusiwi kula wala kunywa, faini inafika dola 500 za kwao. Sa niambie hiyo ije huku kwetu.

MWAJU: Si behewa zima lingekuwa jela! Ila hao wanapanda nusu saa wameshuka kaka, ndo maana inawezekana. Mimi kipimo changu mwenyewe ni urefu wa safari. Tabora mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 400, ukitokea Dar ni zaidi ya 1,200, mule watu wanalala, wananyonyesha, wanaswali, wanagombana na kupatana, sasa usiku na mchana mko pamoja alafu uniambie nisile? Reli imefika Kigoma 1914, mi nna uhakika abiria wa kwanza kushuka alikuwa na mfupa wa kuku mkononi.

SHIJA: Hahaha, na wa Saranda huo, ile stesheni ya kuku.

MWAJU: Lakini haisi ya Mwanga kwenda Ujiji, hapo hapo tu, madirisha mawili yamegoma, mtu kakaa siti ya katikati anafungua chipsi mayai na kachumbari na pilipili, we unakimbilia wapi? Kiwiko chake kiko kwenye mbavu zako, mafuta yanadondokea gauni la watu. Hiyo njaa ingesubiri Ujiji.

SHIJA: Unajua Wajapani nao wako hivohivo kama unavyosema wewe. Kwenye treni za mjini zile za kwenda kazini mtu hali, watu wanamuona hana adabu, ila treni ya mbali kuna chakula cha kwenye boksi kinauzwa stesheni kinaitwa ekiben, na kila mkoa una chake wanajivunia nacho, unapanda nacho unakula hakuna anayekushangaa.

MWAJU: Si ndo Nguruka hiyo hiyo! Tumekosa maboksi tu.

SHIJA: Maboksi na wao hawana migebuka. Maana dada lazima tuseme, kuna samaki na kuna migebuka ya kuokwa. Mtu wa Kigoma akipanda basi la eisii, madirisha hayafunguki, na kapakia migebuka kwenye mfuko chini ya siti, mpaka Kasulu basi zima tumeshakuwa kitoweo.

MWAJU: Usituanze. Hiyo ni harufu ya baraka. Ila nakubali, kwenye basi la kufunga vioo mgebuka ufungwe vizuri uende kwenye buti, usifunguliwe. Mayai ya kuchemsha vilevile, yai moja halina shida, tatizo wanne wakimenya kwa pamoja. Na jamani mifupa na chupa mnazorusha dirishani, kuna watu wanatembea kando ya reli huko. Mifuko ya plastiki ya kubebea tumeachishwa tangu Juni 2019, hongera, ila makopo ya chipsi yamechukua nafasi.

SHIJA: Kweli. Sasa kula huku unatembea vipi? Maana bibi yangu alikuwa akikuona unatafuna njiani anakuita mbele za watu, kaa chini ule, au tupa.

MWAJU: Hata huku. Mtoto wa shule na mhindi wake wa kuchoma sawa, ila mtu mzima na suruali ya kunyoosha anamenya muwa kwa meno katikati ya barabara ya Lumumba... na mwanamke ndo anasemwa zaidi, mwanaume atachekwa tu yanaisha. Mi hiyo siipendi, kama ni aibu iwe aibu ya wote.

SHIJA: Ila maembe hapana! Tabora msimu wa maembe hakuna sheria. Miembe iko barabarani kila mtaa, imedondosha yenyewe, utaenda kutafuta sahani? Mwalimu anakula, askari anakula, maji yanashuka mpaka kwenye kiwiko, na mkisalimiana mnasalimiana kwa kiwiko kingine.

MWAJU: Na maganda?

SHIJA: Maganda... hapo sina jibu. Nzi wanajua.

MWAJU: Haya njoo kwa mama ntilie, benchi moja watu wanne hamjuani. Cha kwanza maji. Zamani unaletewa bakuli moja mnanawa wote humohumo, wa mwisho ananawa mchuzi. Mimi hii imenikaa kichwani tangu 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa pale Kagunga kwenye ufukwe na kipindupindu kikaingia, wagonjwa walifika maelfu, meli ya Liemba inakwenda inarudi kuwaleta watu mjini. Tangu hapo watu wengi hapa bakuli la pamoja hawalitaki. Alafu 2020 corona ikaja ndoo za koki zikaenea kila kibanda. Kwa hiyo saivi ukinawa kwenye bakuli la mwenzio huonekani mnyenyekevu, unaonekana mzembe.

SHIJA: Mi bado napenda ya kumiminiwa, anakuja binti na jagi na beseni na sabuni, anaanza na mkubwa.

MWAJU: Nzuri, ila na wewe usimfanye asimame hapo unasugua kucha kama daktari wa upasuaji. Alafu miba. Miba inakaa pembeni ya sahani yako, sio mezani, sio chini, na usiteme kwa nguvu puu kama umekutana na nyoka, unaitoa kwa vidole taratibu. Ugali wetu wa muhogo na sombe, kisamvu hicho, yenye mawese, ukishakula vidole vimekuwa vya njano, usimshike mtu bega kumsalimia.

SHIJA: Na simu. Mtu anapiga picha ubwabwa wake wa stetasi, mimi niko nyuma nimefungua mdomo na tonge. Ukipiga picha piga sahani.

MWAJU: Au omba. Kuna mtu yuko pale na kamwambia mkewe hana hela ya kula nje.

SHIJA: Hahahaha! Dada hiyo inataka kipindi chake.

MWAJU: Haya kuna meseji ya sauti ya msikilizaji, anasema yeye ni Mkristo kahamia Ujiji kikazi, mwezi wa Ramadhani hajui ajifiche au ale kama kawaida. Hili nalijibu mimi mtoto wa Ujiji. Huku bara hakuna sheria ya kukukamata, Zanzibar ndo watu wameshawahi kukamatwa na polisi kwa kula hadharani mchana. Lakini heshima haingoji polisi. Wenye migahawa wenyewe wanaweka pazia, we ingia ndani ya pazia kula ushibe, hakuna atakayekuuliza, na wagonjwa na wasafiri Waislamu utawakuta humohumo. Usitembee tu na sambusa mkononi mbele ya msikiti saa kumi jioni, yale masaa magumu yale. Na magharibi ikifika usikimbie, maana utaitwa futari barazani, na hiyo karibu haifanani na ile ya treni, hiyo inapokelewa. Unakaa kwenye sinia na wenzako, mkono wa kulia, unakula kilicho mbele yako. Hivo ndo Mtume alivyomfundisha yule mtoto aliyekuwa mkono unazunguka kwenye sahani, na sisi madrasa ndo tulianza na hilo.

SHIJA: Wenye mashoto je? Mdogo wangu ni wa mashoto.

MWAJU: Achukue kijiko mkono wa kulia, au akae pembeni kushoto asigongane na watu. Hakuna atakayemla.

SHIJA: La mwisho, bili. Nimekaa kwa mama ntilie, anapita mtu namjua, nasema karibu kwa mazoea, anakaa, anaagiza samaki kuhe wa kukaanga. Nani analipa?

MWAJU: Wewe ni mkubwa kwake?

SHIJA: Kidogo.

MWAJU: Unalipa.

SHIJA: Ah hapana dada, karibu haina bili! Umenikuta nakula, nimekusalimia, umeagiza mwenyewe.

MWAJU: Mkubwa akisema karibu akakaa aliyeitwa, mkubwa analipa, huku ndo hivo. Ukitaka usilipe sema vizuri, nipo hapa namalizia.

SHIJA: Nipo hapa namalizia. Hiyo naiandika kabisa.

MWAJU: Andika. Wasikilizaji tutumieni na nyie, huko kwenu bili inakuwaje, na wiki ijayo tunaingia harusini, wale wanaobeba pilau kwenye pochi jiandaeni.

SHIJA: Na wale wanaopanga foleni ya bafe mara mbili kwa kubadilisha mtandio.

MWAJU: Hao nawajua kwa majina, sitawataja. Kwaherini.