Joto la Kizimba: Mazungumzo na Watunzaji wa Nyoka na Kobe, Mombasa

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Mimi si daktari wa wanyama, ni fundi wa umeme. Nyoka nilikuwa nawakimbia kama mtu yeyote, mpaka jamaa mmoja aliponiletea sanduku la plaiwudi lililoungua pembe moja akaniuliza, "Fundi, hapa palikosewa wapi?" Tangu siku hiyo nimeunda vizimba vingi na kufungua vingi zaidi. Vinavyoharibika karibu vyote vina ugonjwa mmoja: mwenyewe aliwaza namna ya kuleta joto, hakuwaza namna ya kulizima.

Kabla ya nyaya, sheria. Tangu sheria ya wanyamapori ya 2013, huokoti chatu Shimba Hills ukamfuga sebuleni bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Nasema na nyinyi wenye vibali, na vijana mnaofanya kazi kwenye bustani za nyoka. Mwenye kobe wa magendo chini ya kitanda, hayo ni yake na askari. (Kicheko.)

Sasa swali linaloninyima kazi: hiyo hita unaihitaji? Hapa ni Mombasa. Wakati wa kaskazi, Februari na Machi, mchana unapita nyuzi 30 kivulini. Kipupwe kikiingia, Julai na Agosti, usiku unashuka hadi kama 20, basi. Wale kobe wakubwa wa Aldabra pale Haller Park, Bamburi, wanaishi nje, hakuna aliyewaning'inizia taa. Maelekezo mengi tunayosoma kwenye simu yaliandikwa na watu wa Ulaya, ambao dirishani kwao kuna theluji. Mtu wa Likoni akiyafuata neno kwa neno, anampika mnyama. Na yule kinyonga wa pembe tatu, kwao ni milimani, bara. Ukimteremsha pwani, anachokikosa ni baridi ya usiku.

Wenye haja ya joto wapo: mnyama mgonjwa, vitoto vilivyoanguliwa juzi, anayekaa chumba chenye AC, na mayai. Mayai yana mambo yake. Kwa mamba, joto la kiota ndilo linaloamua atoke dume au jike, na tofauti ya nyuzi mbili tatu inatosha kugeuza kizazi kizima. Hilo lataka siku yake, nisiingie huko.

Turudi kwenye kizimba. Nyoka au kobe hajipashi joto mwenyewe kutoka ndani, kwa hiyo anahama: akitaka joto anasogea, likimzidi anaondoka. Ukimwekea hita katikati ya sanduku dogo, umemnyang'anya pa kukimbilia. Hita ikae pembe moja. Kwa chatu wetu, pembe ya joto iwe 31 au 32, ya pili iwe 25 au 26, na kila pembe iwe na kipimajoto chake. Kimoja katikati hakikwambii kitu.

Hapa ndipo watu wa pwani tunapojikwaa. Pembe ya baridi haiwezi kuwa baridi kuliko chumba chenyewe. Chumba kikiwa 31 saa nane mchana, pembe zote mbili ni za joto, na balbu bado inawaka kwa sababu uliiwasha Julai ukaisahau. Kwa hiyo themostati, kile kidude kinachopima joto na kuwasha au kuzima hita, tunaiweka ili izime.

Mnyama naye hakusaidii. Mtu akishika sufuria ya moto anarusha mkono. Chatu anaweza kujizungusha kwenye balbu akatulia pale mpaka ngozi inaungua. Nimemwona mmoja, tumbo lote vidonda, na balbu ilikuwa ya wati 60 tu, ya kawaida ya nyumbani. Kila kinachotoa joto ndani ya kizimba kizungushiwe wavu wa chuma, wenye matundu madogo asiyoweza kupitisha kichwa, na uwe mbali na balbu kiasi kwamba ukiushika kwa kiganja haukuchomi. Zile balbu za kauri zisizotoa mwanga ndizo hatari zaidi, maana hujui kama inawaka, na uso wake waweza kupita nyuzi 200. Usiifunge kwenye holda ya plastiki. Italainika na kudondoka, na chini kuna maranda. Tafuta holda ya kauri. Na wengi wenu vizimba viko chini ya paa la makuti, sijui niseme nini zaidi.

Nyaya. Watu wanatumia waya wa spika, kwa sababu ulibaki nyumbani. Halafu plagi ina fyuzi ya ampea 13, kwa sababu ndiyo iliyokuja nayo dukani. Hesabu ni rahisi: wati 100 kwa volti 240 haifiki hata nusu ampea. Fyuzi kazi yake ni kukatika kabla waya haujaungua. Waya mwembamba ukipata hitilafu, utageuka utambi huku fyuzi ya 13 imekaa tu inatazama. Weka fyuzi ya 3. Ni shilingi chache. Waya pia uuache uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda, ili maji ya bakuli yakitiririka juu yake yadondoke sakafuni, yasiingie kwenye plagi.

Sasa kosa langu mwenyewe. Themostati ina kile kihisi chenye waya. Nilikibandika ukutani kwa selotepu, karibu na hita. Selotepu na joto na unyevu wa Mombasa, mnajua. Usiku kikaachia, kikaanguka pembe ya baridi. Kikawa kinasoma 25, na themostati inasema "bado, ongeza." Asubuhi pembe ya joto ilikuwa 44. Bahati, kizimba kilikuwa kitupu. Huwa nakiwasha mchana na usiku mzima kabla mnyama hajaingia, na hiyo tabia ndiyo iliyoniokoa. Tangu hapo kihisi nakikaza kwa kibanio na skrubu.

Ndiyo, mama, uliza. (Mama mmoja anauliza: stima ikipotea usiku, nyoka hatakufa kwa baridi?)

Hapa kwetu, hapana. Saa chache za nyuzi 23 anazivumilia, funika kizimba kwa shuka tu. Mimi naogopa stima ikirudi. Inarudi na kishindo, na ndani ya themostati vile vidole vya swichi vinaweza kugandana, hita ikawaka moja kwa moja. Hewa yetu ya chumvi nayo inavila polepole. Ndiyo maana nafunga themostati mbili, moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja, ya pili nikiitega nyuzi tatu juu ya ile ya kwanza. Ya kwanza ikiganda, ya pili inakata.

Hiki kizimba hapa mezani kimewaka tangu tulipoanza. Njooni mmoja mmoja mguse plagi. Vuguvugu, sawa. Ya kwenu mkifika nyumbani ikawachoma vidole, zimeni kwanza, ndipo mnipigie.