Hesabu ya Wafu Wetu Iko Wapi?

BARAKA: Karibuni tena, tuko hapa Nairobi kama kawaida, mimi ni Baraka na niko na dada yangu Achieng. Leo ni habari za vita, nani anatuambia nini na kwa nini. Achi, wewe ndio ulisema lazima tuongee hii maneno, anza.

ACHIENG: Asante ndugu yangu. Mimi niko na swali moja linanisumbua. Mara kwa mara unasikia kwa habari ati jeshi limeua magaidi kadhaa huko Boni, msitu ulio karibu na mpaka wa Somalia, ama ng'ambo ya mpaka, na unapewa namba kabisa. Sawa. Sasa huyo mtu aliyeweza kuhesabu maiti za adui ndani ya msitu baada ya ndege kuangusha bomu, mbona anashindwa kuhesabu wanajeshi wetu, watu wako na namba ya kazi, wako na mshahara, wako na mama nyumbani anangoja simu?

BARAKA: Unaongea El Adde.

ACHIENG: El Adde bana. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yetu kule Gedo, Somalia, chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, ilivamiwa alfajiri na wapiganaji wa Al-Shabaab, watu wakaisha. Serikali ikakataa kutoa idadi. Tuliambiwa wametoa maisha yao kwa nchi, tuliambiwa adui atajuta, lakini wangapi? Kimya. Februari, rais wa Somalia wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, akaongea kwa tivii akasema ni karibu 200, jeshi letu likakanusha. Mei, CNN wakasema kwa hesabu yao ni kama 141. Sasa fikiria wewe ni mzazi Eldoret ama Taita, unasikia idadi ya watoto wa Kenya kutoka kwa rais wa nchi nyingine na tivii ya Marekani!

BARAKA: Na huyo rais alikuwa ametoka tu Eldoret, kwa ile ibada ya kumbukumbu kambini, yeye na Buhari wa Nigeria walikuwa hapo na Uhuru, rais wetu wakati huo. Kwa hivyo sherehe ya heshima ilifanyika, namba ndio haikupatikana.

ACHIENG: Hiyo ndio inaniuma. Heshima gani bila hesabu?

BARAKA: Wacha nikuulize kama mtu wa upande ule mwingine. Jeshi watakwambia ukitoa idadi unampa adui ushindi, unavunja moyo wa walio mstari wa mbele. Hiyo si hoja?

ACHIENG: Ni hoja ukiongea juu ya mipango, wapi kikosi kinalala, barabara gani wanapita, hiyo hata mimi sitaki ichapishwe, mtu akiweka mtandaoni ni hatari kwa vijana. Lakini idadi ya waliokufa adui anaijua, alikuwa hapo! Al-Shabaab walitoa video ya El Adde wenyewe, na hesabu yao wenyewe, na hao pia ni waongo wa vita, wanaongeza inapowafaa. Kwa hivyo aliyefichwa ni Mkenya tu. Na serikali ikinyamaza adui ndiye anabaki msemaji, hapo sasa umelinda nini?

BARAKA: Na ukijaribu kujaza hilo pengo unakamatwa. Yassin Juma, mwandishi anajulikana kwa hizi habari za Somalia, alikamatwa Januari hiyo hiyo juu ya posti kuhusu El Adde. Akaachiliwa baadaye, lakini kila mwandishi alikuwa ameshaona.

ACHIENG: Kulbiyow nayo, kambi yetu nyingine huko Somalia, ilishambuliwa tarehe 27 Januari 2017, mwaka mmoja tu baadaye. Mara ya kwanza jeshi likakanusha kambi imetekwa, halafu wakasema wamekufa 9, Al-Shabaab wanasema zaidi ya 50. Angalau hapo tulipewa namba, lakini baada ya El Adde ni nani alikuwa na sababu ya kuiamini? Imani ikishaisha hata ukisema ukweli watu wanakuangalia tu.

BARAKA: Na haikuanzia hapo. Westgate 2013, lile jumba la maduka hapa Nairobi magaidi walivamia, siku nne tunaangalia moshi laivu, Ole Lenku, waziri wa usalama wakati huo, akatuambia magaidi wamechoma magodoro. Washambuliaji ni 10 mpaka 15, tukaambiwa, mwisho wakawa 4. Mwanzo wa 2012 msemaji wa jeshi aliweka picha Twita ya mtu ameuawa kwa mawe, ati ni Mkenya ameuawa Kismayu juzi, watu wakaitafuta wakapata ni ya 2009. Tena hiyo si picha ya kawaida, ni maiti ya mtu, imetumiwa kwa stori ya mwingine.

ACHIENG: Rudi nyuma zaidi, Hola, ile kambi mkoloni alifungia watu wa Mau Mau. Machi 1959, wafungwa 11 wanapigwa mpaka kufa, serikali ya mkoloni inatoa taarifa ati walikufa baada ya kunywa maji kwa gari la maji. Na gazeti likachapisha hivyo hivyo! Uchunguzi wa mahakama ndio ulionyesha ni kipigo.

BARAKA: Sasa hapo kwa gazeti ndio nataka tukae, kwa sababu serikali kuficha tunaitegemea, lakini sisi wa habari?

ACHIENG: Taarifa inaingia kwa simu ya mhariri saa kumi na moja, bulletini ni saa moja, hakuna mwandishi amefika kule, hakuna barabara salama, na serikali hiyo hiyo ndio inaleta matangazo makubwa. Basi inasomwa vile imekuja. Wangesema tu "jeshi linasema, sisi hatujathibitisha" ningewaheshimu, lakini wanasema "wameuawa 30" kana kwamba walikuwa hapo wakihesabu. Na ukipelekwa na ndege ya jeshi, ukala na jeshi, ukalindwa na jeshi, utaona kile jeshi limekuonyesha.

BARAKA: New York Times wenyewe 2004 walikiri kuwa habari zao kadhaa za silaha za maangamizi ambazo Iraki ilidaiwa kuwa nazo hazikuchunguzwa vya kutosha, na vita ilikuwa imeshaanza mwaka mmoja kabla. Urusi 2022 wakapitisha sheria, habari wanayoiita ya uongo kuhusu jeshi unaweza kufungwa hadi miaka 15.

ACHIENG: Huku kwetu pia walijaribu, ile sheria ya usalama ya Desemba 2014 ilikuwa inabana vyombo vya habari kwa mambo ya ugaidi, Mahakama Kuu ikafuta hivyo vifungu Februari 2015. Kwa hivyo mhariri anayeogopa kuuliza idadi leo, sheria haijamkataza. Mimi nataka Bunge, ile kamati ya ulinzi, iite waziri wa ulinzi na iulize El Adde wangapi, na familia zikikubali majina yasomwe, moja moja, hapo ndani.

BARAKA: Na Kulbiyow.

ACHIENG: Na Kulbiyow, na wote waliofuata.