Kijana Balehe na Mzazi Anayetaka Kujua Kila Kitu

Ndugu wazazi, walezi na walimu, asanteni kwa kuja. Mada niliyopewa ni namna malezi yanavyomjengea kijana uwezo wa kujiamulia mambo yake, na yanavyogusa hisia zake. Naomba tuanzie nyumbani, saa mbili kasorobo usiku. Binti wa kidato cha pili alitakiwa awe amefika saa kumi na mbili na nusu. Mlango unafunguliwa, na mzazi anasema neno lake la kwanza kabla hajasikia lolote. Leo nitashughulika zaidi na neno hilo la kwanza.

Yupo atakayesema: "Umetoka kwa mwanamume gani?" Yupo atakayesema: "Chakula kipo jikoni," akarudi kwenye tamthilia. Yupo ambaye hata hakujua kwamba binti hayupo. Na yupo atakayesema: "Tulikubaliana saa kumi na mbili na nusu. Keti, nieleze."

Wanasaikolojia wamewachunguza wazazi hawa wanne kwa muda mrefu. Diana Baumrind wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwaeleza watatu kati yao miaka ya 1960. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin wakawapima kwa maswali mawili: mzazi anadai kiasi gani, na anamwitikia mtoto kiasi gani? Anayedai bila kuitikia tunamwita mlezi wa kiimla. Anayeitikia bila kudai anadekeza. Asiyedai wala kuitikia anatelekeza, na hilo hutokea hata katika nyumba ambayo ada imelipwa yote na gari la shule linakuja getini. Anayedai na kuitikia, malezi yake tuyaite elekezi.

Matokeo yake yanajulikana. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1991 kuhusu wanafunzi wa sekondari wa majimbo ya Wisconsin na California, Marekani, wenye miaka 14 hadi 18, uliwakuta waliolelewa kwa uelekezi wakiwa mbele karibu katika kila kipimo, na waliotelekezwa wakiwa nyuma karibu katika vyote. Wa malezi ya kiimla walikuwa watiifu na darasani walikwenda vizuri, ila walijiona duni. Waliodekezwa walijiamini sana, lakini utovu wa nidhamu shuleni na matumizi ya dawa za kulevya vilikuwa juu zaidi.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na sina neno la kuwapinga. Kudai ni lazima. Swali ni unadai nini, na unakidai kwa njia gani. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wazazi wenye nia njema wanapoharibu.

Mtafiti Brian Barber, katika kazi yake ya mwaka 1996, alitenganisha udhibiti wa aina mbili. Wa kwanza ni wa mwenendo: saa ya kurudi, kazi za nyumbani, unakwenda wapi na nani. Wa pili ni wa nafsi, pale mzazi anapoingia moyoni mwa mtoto na kushika usukani. Huu hauhitaji fimbo. Ni kumnunia siku tatu. Ni kumsimanga mbele ya wageni. Ni "mwangalie dada yako". Ni "baada ya yote niliyokufanyia, hivi ndivyo unavyonilipa?" Udhibiti wa mwenendo, ukiwa wa kiasi, huendana na utovu mdogo wa nidhamu. Udhibiti wa nafsi huendana na sonona na wasiwasi.

Sababu ni hii. Mtoto anayenuniwa hujifunza kwamba upendo wa nyumbani una bei, na bei yenyewe ni kukubaliana nawe. Basi huacha kujiuliza "mimi naonaje?" na kuanza kuuliza "atanunaje?" Mbele yako anaonekana ametulia. Lakini aliyezoeshwa kutii kwa kuogopa kununiwa atamtii yeyote anayejua kununa, akiwemo mpenzi wake wa kwanza na kiongozi wa kundi lake mtaani. Hii ndiyo hofu yangu kubwa kuhusu malezi hayo.

Najua kuna anayewaza kwamba habari za kijana kujiamulia ni mambo ya Ulaya. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan, ambao nadharia yao ndiyo inayotumika sana katika jambo hili, hawakusema kujiamulia ni kuishi peke yako. Walisema ni kutenda jambo ukiwa umeliridhia mwenyewe. Kijana anayemwamkia mzee shikamoo kwa kuwa anaelewa maana ya heshima anajiamulia. Anayeamkia kwa kuogopa kofi hajiamulii. Mwanasaikolojia Çiğdem Kağıtçıbaşı wa Uturuki alionyesha kwamba mtu anaweza kujiamulia na papo hapo akawa amefungamana na jamaa zake. Pwani yetu ilikuwa na nafasi ya jambo hili: msichana akivunja ungo hupewa somo, mwanamke mzima asiye mama yake, wa kumfunda na kumsikiliza. Aliyempoteza somo, shangazi na bibi kwa sababu ya kuhamia mjini amempunguzia mwanawe masikio.

Sasa turudi mlangoni. Watafiti Håkan Stattin na Margaret Kerr walichunguza vijana 703 wa miaka 14 nchini Sweden pamoja na wazazi wao, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Ilikuwa ikiaminika kwamba mzazi anayejua mengi kuhusu mwanawe ndiye anayefuatilia sana. Walichokuta ni kwamba sehemu kubwa ya kile wazazi walichojua ilitoka kwa mtoto mwenyewe aliyeamua kusimulia. Kuhoji na kufuatilia kulileta kidogo.

Ukilikubali hilo, kazi yako inabadilika. Habari anayo mtoto, na yeye ndiye anayepima kama wewe ni mtu wa kuambiwa. Anakupima kwa habari ndogo kwanza: nimepata 34 kwenye hesabu, rafiki yangu anavuta sigara. Ukilipuka kwa hiyo ndogo, kubwa hutaisikia. Kwa hiyo neno la kwanza liwe la ukweli mnaoujua wote wawili, "tulikubaliana saa fulani", kisha ombi la maelezo. Sikiliza hadi mwisho. Rudia ulichosikia kwa maneno yako ili akusahihishe. Ndipo useme hukumu, na kama damu imechemka, sema "tutaliongea kesho baada ya chai ya asubuhi", na kesho uliongee kweli. Usipoliongea, umemfundisha kwamba makubaliano hayana maana.

Makubaliano yenyewe yanahitaji mipaka inayoeleweka. Mwanasaikolojia Judith Smetana ameonyesha kwamba ugomvi mwingi wa mzazi na kijana hutokea kwa sababu kila mmoja ameliweka jambo kwenye kapu tofauti. Kapu la usalama na haki, yaani pombe, pikipiki za usiku, kuumiza wengine, ni la mzazi kuamua. Kapu la desturi za nyumba, kama zamu za vyombo na saa za kurudi, ni la kujadiliana. Kapu la mambo binafsi, kama mpangilio wa chumba, michezo anayoipenda na shajara yake, mwachie. Marafiki wanaleta tabu kwa sababu mzazi huwaona kwenye kapu la usalama na kijana huwaona kwenye la binafsi. Ukisema "usiandamane na fulani", umeingia kapu lake. Ukisema "hamtakaa nje baada ya giza", umebaki kwenye lako la usalama. Na mchepuo wa kidato cha tano? Toa taarifa zote ulizonazo, mpeleke akaongee na watu wa fani hiyo, kisha mwache achague. Kijana aliyesukumwa PCB (fizikia, kemia na biolojia) ili awe daktari wa ukoo hulipa miaka miwili kwa uamuzi usio wake.

Uhuru hupanuliwa kidogo kidogo. Chukua fedha. Mpe kijana wa miaka 13 nauli na ya matumizi ya siku tano kwa mkupuo mmoja Jumatatu, tuseme shilingi 10,000, na yeye apange. Zikiisha Jumatano, atembee au abebe kiporo kutoka nyumbani, usiongeze, usimsimange. Baada ya wiki nne bila kukwama, mpe za wiki mbili. Saa za kurudi vivyo hivyo: ongeza nusu saa, kaeni nayo mwezi mzima, ndipo muongeze nyingine. Akikosea, rudi hatua moja nyuma kwa muda unaojulikana, kama wiki moja. Wengi hukosea hapa: kosa moja, na simu, matembezi na michezo vyote vinaondolewa "mpaka nitakapoamua". Adhabu isiyo na mwisho humwondolea sababu ya kujirekebisha. Kosa la pili ni kubana kila kitu mpaka miaka 18, kisha kumwachia vyote siku anapopanda basi la kwenda chuo.

Simu nitaisemea kwa ufupi. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Simu zote za nyumba, na za wazazi zikiwemo, zichajiwe sebuleni kuanzia saa tatu na nusu usiku. Kusoma jumbe zake kwa siri kutakupa habari za wiki moja, halafu atafungua akaunti nyingine usiyoijua.

Yapo mambo ambayo malezi mazuri peke yake hayayamudu. Kijana akiwa na huzuni au hasira za haraka karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ameacha alivyovipenda, usingizi na hamu ya kula vimebadilika, mpeleke hospitali. Akizungumzia kufa, usisubiri wiki hizo mbili, na usimwache peke yake. Hapa Tanzania, na Kenya pia, namba 116 inapokea simu za watoto bila malipo.

Wengine mmeshasema yale ya mlangoni, labda jana tu. Fanya hivi. Mkute akiwa peke yake, si mbele ya wadogo zake. Taja neno ulilosema, lile lile, bila kulipamba: "Nilikuuliza umetoka kwa mwanamume gani. Nilikosea, sikuwa nimekusikiliza." Usiongeze "lakini na wewe", kwa maana hapo ombi la radhi linageuka kuwa shitaka. Huenda asijibu, usimlazimishe. Siku mbili tatu baadaye muulize ilikuwaje siku ile, na umsikilize mpaka amalize. Saa ya kurudi inabaki kumi na mbili na nusu.